Mpira wa Ndani na Uwanja Wetu wa Saruji

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Mikocheni)



Nimeombwa niseme machache juu ya mpira wa ndani kwa sababu jioni hii tuna jambo la kuamua. Wako wanaotaka fedha za mfuko wetu ziezeke ule uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu, ili vijana wacheze kandanda chini ya paa wakati wa masika. Wako wanaotaka kifusi kimwagwe katika uwanja mkubwa. Kabla hatujapiga kura, naomba niwasimulie msimu wa kwanza wa timu moja ya kulipwa iliyocheza mpira huo. Yaliyoipata yanatuhusu.

Timu hiyo iliitwa New York Arrows. Ilizaliwa 1978 pamoja na ligi yenyewe, Major Indoor Soccer League ya Marekani. Wazo lilikuwa limeanza miaka minne nyuma. Tarehe 11 Februari 1974, timu ya Jeshi Jekundu la Moscow ilicheza ukumbini Philadelphia na Atoms, mabingwa wa Marekani wa wakati ule, ikawashinda mabao 6 kwa 3. Watu 11,790 walifika kutazama. Mfanyabiashara mmoja, Ed Tepper, aliona umati ule akapiga hesabu zake. Baadaye aliungana na mwanasheria Earl Foreman, wakaanzisha ligi yenye timu sita.

Mechi ya ufunguzi ilichezwa tarehe 22 Desemba 1978 katika ukumbi wa Nassau Coliseum. Arrows waliwafunga Cincinnati Kids 7 kwa 2, mbele ya watu 10,386. Sisi huku tulikuwa na mambo mazito zaidi ya kusikiliza redioni; majeshi ya Amin yalikuwa yamevamia Kagera miezi miwili tu kabla yake. Hata Sunday Manara wetu, aliyechezea New York Eagles miaka hiyo ya mwisho ya sabini, alicheza mpira wa nje.

Vijana watauliza mpira wenyewe ulichezwaje. Uwanja ulikuwa ule ule wa mpira wa magongo wa barafuni, umetandikwa zulia la plastiki lenye sura ya majani. Urefu wake ulikuwa kama mita 60 na upana kama 26. Kila upande uliweka watu sita, golikipa akiwamo. Ukuta wa mbao ulizunguka uwanja, na mpira ukigonga ukuta mchezo uliendelea. Fundi alimpasia ukuta naye akarudishiwa. Wachezaji walibadilishana bila mchezo kusimama. Aliyecheza vibaya alitolewa akakaa pembeni dakika mbili, wenzake wakabaki wachache. Robo nne, kila moja dakika 15. Ukiinama kufunga kamba za viatu, umekosa bao.

Lakini hayo ni mapambo. Ninalotaka mlitazame ni jinsi timu ile ilivyoundwa. Arrows hawakuanza kwa kukusanya watu wapya kutoka pembe zote za dunia. Sehemu kubwa ya wachezaji wao ilitoka Rochester Lancers, timu ya uwanja wa nje, ambayo wakati wa baridi haikuwa na mechi. Watu walikuwapo, wamezoeana, hawana kazi. Kumbi nazo zilikuwapo, na usiku mwingi zilikaa bure. Houston walifanya vivyo hivyo kwa kutumia wachezaji wa timu yao ya nje, na katika mechi 24 za msimu wakashinda 18, zaidi ya timu nyingine yoyote. Arrows walishinda 16. Mwishoni Arrows waliwafunga Philadelphia Fever mara mbili mfululizo, wakatwaa ubingwa.

Mmoja tu ndiye naweza kusema alitoka mbali: Steve Zungul, mshambuliaji wa Hajduk Split ya Yugoslavia. Klabu yake haikukubali kumwachia, kwa hiyo alifungiwa njia ya kucheza nje. Mpira wa ndani haukuwa chini ya FIFA. Akaingia ukumbini, na msimu ule ule akachaguliwa mchezaji bora wa ligi.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Cincinnati Kids, waliofungwa siku ile ya ufunguzi, walikuwa na Pete Rose miongoni mwa wenye timu, nyota wa besiboli ambaye Marekani nzima ilimjua. Jina lake halikuwafaa kitu. Msimu ulipokwisha, timu nayo ikafa. Arrows walichukua ubingwa mara nne mfululizo, kisha 1984 nao wakavunjika. Ligi yenyewe ilifunga milango 1992. Maoni yangu ni kwamba walijenga kila kitu kutoka juu: ukumbi, taa, tiketi, matarumbeta. Kijana wa mtaani aliitwa aje kutazama, kucheza hakuitwa.

Wakati huo huo kulikuwa na mpira mwingine wa ndani, wa kimaskini, ambao haukuhitaji hata ukuta. Mwaka 1930 mwalimu Juan Carlos Ceriani wa YMCA mjini Montevideo, Uruguay, aliwatungia vijana wake kandanda ya kuchezwa katika uwanja wa mpira wa kikapu. Watu watano kwa watano, mpira usiodunda sana. Ndio huo unaoitwa futsal. Ulianzia kwa mwalimu na wanafunzi, na umezunguka dunia. Aprili 2025 mabinti wa Tanzania waliucheza mpaka fainali ya Afrika mjini Rabat. Walifungwa na wenyeji Morocco 3 kwa 2, lakini walipata nafasi katika Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, lililofanyika Ufilipino mwaka huo huo. Ligi kubwa ya ukumbini kama ile ya Marekani hawakuwa nayo.

Ndugu Mwenyekiti, nyote mnaijua Mikocheni. Mikoche yenyewe, iliyotupa jina, ni miti inayopenda mahali ambapo maji hayako mbali chini. Masika yakishika, uwanja mkubwa unakuwa bwawa, na kifusi cha mwaka huu tutakitafuta mwakani. Uwanja wa saruji ukifagiliwa unakauka mapema. Wachezaji tunao, vijana hawa wamekulia kwenye chandimu, katika vichochoro vyembamba kuliko uwanja wowote wa futsal, na kuta za jirani wamezipasia tangu utotoni. (Wenye nyumba hawakufurahi, najua.)

Kwa hiyo naunga mkono uwanja wa saruji, ila napinga kuanza na paa. Paa litamaliza mfuko, na hatujui bado kama kuna watakaocheza chini yake. Tununue mipira minne ya futsal. Fundi atuchomelee magoli mawili, upana mita tatu, kimo mita mbili. Tuchore mistari, kisha madarasa yacheze ligi yao kila Jumamosi asubuhi kwa muhula mzima, refa akiwa mmoja wetu sisi wazee. Mvua ikinyesha mechi iahirishwe, na tuandike ni mechi ngapi zimeahirishwa. Katika mkutano wa mwakani mtu akisimama kuomba paa, atakuja na daftari hilo mkononi, nasi tutajua tunapigia kura kitu gani.

Mwalimu wa michezo anayo karatasi ya majina ya waamuzi. Jina langu liko la kwanza. Naomba ipitishwe mezani kabla chakula hakijaletwa, maana baada ya pilau hakuna atakayeandika.