Sindano ya Mgongo Haiui



Mgonjwa ana homa kali, kichwa kinamgonga, mwanga wa dirishani unamuumiza macho, shingo imekakamaa hata kidevu hakifiki kifuani. Nyumbani wanasema: malaria hiyo. Apimwe malaria, sawa. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, waliokutwa na vimelea hawakufika nusu. Sisi wa milimani, wa Soni, Mlalo, Bumbuli na Mtae, kwenye mbu wachache, tuwe wa kwanza kujiuliza kama kweli ni malaria.

Shingo hiyo ngumu inaweza kuwa dalili ya homa ya uti wa mgongo. Ikiletwa na virusi, mara nyingi ni vile vya tumboni vinavyosambazwa na mikono isiyonawiwa baada ya choo. Matubwitubwi nayo huileta. Wengi hupona ndani ya siku 7 hadi 10 kwa kupumzika, kunywa maji na dawa za maumivu. Ikiletwa na bakteria, huweza kuua ndani ya siku moja. Kwa kumtazama mgonjwa tu, daktari hawezi kuzitenganisha homa hizo mbili. Ndiyo maana huomba kupima maji ya uti wa mgongo, yanayochukuliwa kwa sindano, na vipimo vikichelewa huanza antibayotiki bila kungoja.

Hapo ndipo ndugu wanapokataa. “Fulani alichomwa mgongoni, akafa.” Maneno haya yananiuma, kwani mara nyingi kilichomuua fulani ni ugonjwa uliokwisha kumlemea kabla hajafikishwa hospitali.

Mgonjwa hulazwa ubavu, magoti yakavutwa kifuani, kiuno kikasafishwa na kutiwa ganzi. Sindano hupita chini ya pale uti wenyewe unapoishia, hivyo haiugusi. Maji yanayochukuliwa ni kidogo, vijiko vya chai viwili hivi kwa mtu mzima. Yakiwa na ukungu, bakteria wanashukiwa. Yakiwa maangavu, na maabara ikakuta sukari haijashuka, virusi vinashukiwa zaidi. Kichwa kinaweza kuuma siku chache baadaye, kisha kikaacha.

Basi wazee wenye kauli katika familia, daktari akiwaomba idhini, muulizeni yote yanayowatia hofu, halafu mkubalieni. Na mwenye homa na shingo ngumu msimzungushe kwenye maduka ya dawa. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.