Haki ya Ndugu wa Bwenini

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mlioko misikitini na mnaotusikiliza majumbani, baada ya Hijra ya mwaka 622 Mtume aliunga udugu baina ya masahaba, mtu na mwenziwe. Salman Alfarsi, mgeni aliyetoka mbali, aliungwa na Abu Dardaa, mwenyeji wa Madina. Siku moja Salman alikwenda kumzuru nduguye, akamkuta mkewe amevaa nguo zilizochakaa. Alipouliza sababu, aliambiwa kuwa Abu Dardaa hana tena haja na dunia. Chakula kikaletwa; mwenyeji akasema amefunga. Salman akakataa kula mpaka wale wote wawili, naye akala. Usiku Abu Dardaa alipotaka kuinuka kusali, Salman alimwambia alale; akataka tena, akamrudisha tena. Ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku, alimwamsha wakasali pamoja. Ndipo akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake pia, na ahali zake pia. Habari ilipomfikia Mtume, alimsadiki Salman.

Tazameni basi: Salman hakusimama mlangoni akatoa mawaidha. Alikula, akalala palepale.

Leo vijana wetu hutoka Kigoma, Tanga na Pemba kwenda kusoma Mlimani, Dar es Salaam. Kijana aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao anashindwa mtihani kwa mara ya kwanza, naye anaona haya kuwaambia wazazi waliouza ng'ombe ili asafiri. Anaacha kula. Haonekani mhadharani wala msikitini. Wenziwe husema imani yake imepungua, na sisi wazee tumepata kusema hivyo hivyo. Je, Abu Dardaa alipungukiwa na imani?

Enyi wanafunzi, gongeni mlango huo. Ingieni na sahani ya wali. Akisema hana haja, kaeni. Mkimsikia anataja kufa, msimwache peke yake hata usiku mmoja. Mfikisheni kwa daktari, wala msilifanye jambo hilo siri. Nanyi wazazi, mtoto akipiga simu, mwulizeni amekula nini kabla ya kumwuliza amepata alama ngapi.

Tunasema haya, tukimwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi.