OILI YA PIKAPU INAENDA WAPI? TUPIME KABLA YA KULAUMU

Mazungumzo na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia



Nimeombwa niseme juu ya kutunza mali ya kikundi. Mimi si fundi wa magari, kazi yangu ni ya ustawi wa jamii. Lakini leo nitasema juu ya oili ya injini, kwa sababu nimeona kikundi kizuri kikikaribia kuvunjika kwa ajili yake.

Kikundi hicho kilinunua pikapu kuukuu ya petroli, ya kupeleka maembe na maharagwe sokoni. Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa sawa. Halafu dereva akaanza kuomba pesa za oili kila wiki. Mama mweka hazina alitoa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Mwishowe watu wakaanza kunong'ona: "Huyu kijana anauza oili." Chini ya gari hakukuwa na dimbwi, na hakuna aliyeona moshi. Siku ya mkutano wengine walitaka afutwe kazi. Fundi naye alisema injini imekwisha, ifunguliwe yote na kutiwa ringi na pistoni mpya. Pesa alizotaja zingemaliza akiba ya kikundi.

Niliuliza swali moja tu: gari linakula oili kiasi gani, kwa kilomita ngapi? Hakuna aliyejua. Kumbe tulikuwa tunataka kuhukumu mtu na mtambo bila ushahidi!

Kwanza, anzeni na daftari

Pimeni asubuhi kabla ya kuwasha injini, gari likiwa mahali tambarare. Chomoa kile kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe, kisha kichomoe tena na usome. Kwa magari mengi, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita 1. Andikeni tarehe, kilomita, na oili iliyoongezwa, na watu wawili watie sahihi.

Msijaze kupita alama ya juu, maana oili ikizidi hupigwa na krenki ikawa povu, na nyingine hutoka. Wala msiache ishuke chini ya alama ya chini eti mnafanya majaribio. Na dereva akumbuke: ile taa nyekundu ya oili huonyesha presha, haionyeshi kiasi kilichobaki. Ikiwaka njiani, zima injini hapo hapo.

Kikundi kile kiliandika kwa wiki 3. Gari lilitembea kilomita 1,200 na kuongezwa lita 3 mbele ya mashahidi. Hiyo ni lita 1 kwa kila kilomita 400. Watengenezaji kadhaa husema katika vitabu vyao kwamba injini yaweza kula hadi lita 1 kwa kilomita 1,000. Basi hii ilikuwa imepita mpaka. Jambo moja lilikuwa wazi tayari: oili iliingia kwenye injini, na injini ndiyo iliyoimaliza.

Pili, tafuteni kama inavuja

Injini ioshwe vizuri, kisha usiku mtandike katoni safi chini ya gari. Asubuhi tone litawaonyesha mahali. Lakini kuna uvujaji unaotokea injini ikizunguka tu, kwa hiyo tazameni pia baada ya safari: kwenye kava ya tapeti, kwenye filta ya oili, kwenye nati ya kumwagia oili, na pale injini inapoungana na gia boksi. Kikundi kile kilipata matone matatu tu. Matone matatu hayamalizi lita 3.

Tatu, someni moshi

Oili ikiungua, moshi huwa na rangi ya bluu. Moshi mweusi ni petroli nyingi. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, na maji ya rejeta yanapungua, hapo gasketi ya hedi yashukiwa.

Moshi wa bluu una saa zake. Ukitoka gari linapopanda mlima na mzigo, ringi za pistoni au silinda zimelika. Ukitoka kwa wingi asubuhi gari likiwashwa, kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za vali: zimekauka, na oili huchuruzika usiku kucha ikaingia ndani ya silinda. Tena, teremkeni mteremko mrefu bila kukanyaga petroli, halafu dereva akanyage. Moshi wa bluu ukitoka hapo, sili za vali zinashukiwa tena.

Hakuna aliyeona moshi kwa sababu dereva aliondoka saa kumi na moja alfajiri, watu wamelala. Tulimweka kijana mmoja nyuma ya gari na tochi. Aliona wingu la bluu la dakika moja, kisha likatoweka.

Nne, msidharau vitu vidogo

Injini nayo hupumua kupitia mpira ambao mafundi huuita briza. Ukiziba, presha hujaa ndani na kusukuma oili nje. Kuusafisha ni kazi ya dakika chache. Oili nyepesi kuliko ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari huungua haraka zaidi. Na kwetu huku kuna vumbi: kama mpira wa kichujio cha hewa umepasuka, vumbi huingia na kusaga ringi na silinda kama msasa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tano, pimeni kompresheni kabla ya kufungua injini

Fundi hutoa plagi na kupima kila silinda kwa geji. Akipata silinda dhaifu, hutia kijiko kimoja cha oili ndani na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi zimelika. Kisipopanda, shida yaweza kuwa vali au gasketi. Plagi iliyolowa oili nayo huonyesha silinda yenye shida.

Tulimwomba fundi apime tukiwa tumesimama pale. Alipata pauni 145, 150, 140 na 145. Silinda zote nne zilikuwa karibu sawa, na zote zilikuwa na nguvu. Yeye mwenyewe akasema, "Hapa ringi bado." Akabadilisha sili za vali na gasketi ya kava ya tapeti, bila kushusha injini. Gharama ilikuwa sehemu ndogo sana ya ile ya kwanza. Baadaye daftari lilionyesha lita 1 kwa kilomita 2,000.

Sisemi kwamba kila injini itakuwa hivyo. Vipimo vikionyesha ringi zimekwisha, basi fungueni, na mtakuwa mnalipa mkijua mnalipia nini.

Ndugu zangu, nililokuja kusema hasa ni hili. Katika mkutano uliofuata, mama mweka hazina alisimama akamwomba yule dereva msamaha mbele ya watu wote. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, hata mimi ningeshuku." Daftari la shilingi chache liliokoa akiba, lakini zaidi liliokoa jina la mtu. Injini huweza kutengenezwa. Jina likishaharibiwa kijijini, ni fundi gani atalitengeneza?

Rudini nyumbani, na kabla ya gari kutoka tena, fungueni daftari.