Mashine ya Presha: Tununue au Tungoje?

(Mazungumzo na vikundi vya vijana na akina mama, Kawangware)



Vijana wetu wa kuosha magari wameniuliza swali, nami nimeona nilijibu mbele ya wote kwa sababu pesa ni za wote. Wamezunguka mjini, Kirinyaga Road mpaka Luthuli Avenue, wakaiona ile mashine ndogo ya presha ya nyumbani, yenye magurudumu na mpira wake. Muuzaji amewaambia inaokoa maji. Sasa wanaomba akiba ya kikundi itolewe.

Muuzaji hakusema uongo. Lakini muulizeni: inaokoa maji kuliko nini? Mpira wa kawaida ukifunguliwa wote waweza kumwaga lita 15 au zaidi kwa dakika. Mashine hiyo hutumia lita 6 au 7 hivi. Basi mtu wa Lavington anayeosha gari lake kwa mpira ataona faida. Je, sisi hapa tunaosha kwa mpira? Sisi ni ndoo na kitambaa! Gari dogo humalizika kwa ndoo mbili tatu. Mashine ikinguruma dakika 10 imekwisha kunywa lita 65 hivi, yaani mitungi mitatu na zaidi, na maji yenyewe tunayanunua kwa mtungi. Kumbe kinachookolewa hapa ni wakati na mgongo, si maji. Hiyo pia ni faida, hasa wakati wa mvua, matope mekundu yakishika chini ya matatu mahali kitambaa hakifiki. Ila tusiiite faida ya maji.

Jambo la pili ndilo linalonisumbua. Kikundi kimoja ninachokijua kilichanga mwaka mzima kikanunua mashine kama hiyo. Ikafanya kazi asubuhi hadi jioni. Mwezi wa pili mota ikaungua. Waliporudi dukani wakaonyeshwa karatasi: dhamana ni ya matumizi ya nyumbani, si ya biashara. Karatasi ilikuwa ndani ya sanduku siku zote, hakuna aliyeisoma. Mashine nyingi za bei ya chini zina mota ya brashi, yenye kelele nyingi na inayohitaji kupumzishwa. Imeundwa kwa gari moja la Jumamosi. Zile zenye mota isiyo na brashi ni nzito na ghali, lakini huvumilia.

Tena kuna mfereji. Tangu mgao wa maji wa Januari 2017, bwawa la Ndakaini lilipopungua, sote twajua mfereji waweza kukauka siku kadhaa. Si kila mashine inaweza kuvuta maji kutoka kwenye pipa, na ikiendeshwa kavu pampu huharibika upesi. Kwa hiyo hesabuni pia tangi lililoinuliwa na kichujio cha mchanga. Stima si mzigo mkubwa: mashine ya wati 1,500 hula yuniti moja na nusu kwa saa.

Hebu tupige hesabu, kwa mfano tu. Tuseme mashine na tangi ni shilingi 30,000, na kila gari, ukitoa maji, sabuni, stima na malipo ya kijana, linabakiza shilingi 50. Hayo ni magari 600 kabla ya faida yoyote. Kwa magari 10 kwa siku, ni siku 60 za kazi. Ile mota iliyoungua mwezi wa pili ilikufa kabla ya kurudisha pesa.

Maoni yangu: kwa kazi ya kila siku, hii ya nyumbani tusinunue. Kwa kuosha banda la kuku na ua, wanachama wakiazimana, yafaa. Na yeyote atakayeishika asiielekeze kwa mtu hata kwa mzaha. Maji yale hupasua ngozi, na kidonda kikionekana kidogo namna gani, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Vijana, kodisheni mashine ya kazi nzito kwa wiki mbili. Kila jioni andikeni magari mangapi, mitungi mingapi, shilingi ngapi. Mkutano ujao mweka hazina atatusomea daftari hilo, ndipo tupige kura.