Lukaya Darasani: Ofisa Mwanafunzi na Askari Mstaafu

Ofisa mwanafunzi anayehitimu chuo cha kijeshi cha Monduli hutunukiwa kamisheni akiwa Luteni Usu, na miongoni mwa wa kwanza kumpigia saluti huwamo masajini walioanza kuvaa gwanda yeye akiwa shule ya msingi. Pengo hilo kati ya cheo na uzoefu ni la kale katika majeshi yote. Ramani, kanuni na mazoezi ya porini hulipunguza. Kinachobaki kimo vichwani mwa walioiona vita yenyewe, na kwa Tanzania hao ni hasa wapiganaji wa Vita vya Kagera dhidi ya Uganda, vya 1978 na 1979. Kijana wa miaka 20 wa wakati ule sasa ni babu wa watu.

Kitu ambacho mzee huyo anacho na kitabu hakina ni vurugu. Baada ya Masaka kutekwa Februari 1979, njia ya kwenda Kampala ilipita Lukaya, juu ya tuta la barabara lililokatiza kinamasi. Machi 10, Brigedi ya 201, yenye askari wengi wageni wa vita, ilikutana hapo na majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, na wasaidizi wao kutoka Libya. Makombora mengi ya Katyusha yalipita juu ya vichwa bila kudhuru. Kishindo chake kilitosha. Safu zilivunjika, watu wakatumbukia kinamasini. Brigedi ya 208, iliyokuwa imezungushwa mbali, ikaamriwa kugeuka, na alfajiri iliyofuata adui akashambuliwa pande mbili.

Ubaoni, hiyo ni mishale miwili. Anayefaidi zaidi kwa aliyekuwapo ni mwanafunzi anayeuliza vitu vidogo: amri ya kurudi nyuma uliisikia, au uliona wenzako wanakimbia? Risasi zilibaki ngapi? Gizani, nani alikukusanya, na ulimtambuaje? Ukimuuliza mzee alijisikiaje, atakupa hotuba. Ukimuuliza habari ya maji ya kunywa, atainama achore chini kwa fimbo.

Mwanahistoria Mwingereza John Keegan alifundisha historia ya kijeshi katika chuo cha maofisa cha Sandhurst bila kuwahi kuingia vitani, na kitabu chake cha 1976 kuhusu vita, The Face of Battle, kinaanza kwa kukiri hivyo. Hakuchukulia simulizi kama ushahidi uliokamilika. Alizipima, na hapo ndipo penye kazi. Kumbukumbu huhamisha siku, hukuza idadi, na humwingiza msimuliaji mahali alipopasikia tu. Mmarekani S. L. A. Marshall alidai mwaka 1947, kwa kutegemea mahojiano na askari, kwamba wengi wao hawakufyatua risasi vitani. Baadaye wanahistoria walitilia shaka sana takwimu zake. Kwa hiyo simulizi huwekwa kando ya ramani, shajara ya kikosi na kauli ya mtu wa pili.

Cheo nacho huziba midomo. Sajini mstaafu aliyezoea kusema “ndiyo afande” hataeleza kosa la luteni wake mbele ya kanali, hivyo mazungumzo yenye faida hufanyika wakubwa wasipokuwapo. Tena wasialikwe wapiga mizinga peke yao. Daraja la Kyaka, juu ya Mto Kagera, lililipuliwa na Waganda Novemba 1978. Dereva aliyevusha shehena mto huo baadaye kwa daraja la muda anajua lori lipi lilitangulia, lipi likasubiri, na kwa nini.