Mzinga wa Maigizo Safarini: Mambo ya Kukubaliana Kabla ya Kukodi Lori



Leo tunazungumzia mzigo ambao wengi wetu hatujawahi kuukodia gari: mzinga wa kuigiza, yaani mfano wa mzinga wa kale uliotengenezwa kwa mbao na chuma kwa ajili ya maonyesho ya historia. Asiye na mzinga naye asiondoke. Yanayouhusu mzinga huihusu pia mashine ya kusaga, kabati la bi harusi, jukwaa la ngoma na kila mzigo mzito, wa umbo lisilo la kawaida, ambao ukivunjika hauwezi kununuliwa tena dukani.

Eneo letu lina sababu ya kuikumbuka mizinga. Mwezi Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteremka kwa kufuata mto Pangani, yakaingia Korogwe, kisha yakaitwaa Handeni. Mwaka mmoja kabla yake, Julai 1915, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilizama katika delta ya Rufiji. Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10, wakaipeleka Dar es Salaam, na baadhi yake ikaundiwa magurudumu ili ipigane nchi kavu. Mmoja ulitumika Kahe mwezi Machi 1916. Mwingine unaonekana hata leo Ngome ya Yesu, Mombasa. Mtutu mmoja peke yake ulizidi tani 1, na waliouvuta porini kwa kamba walikuwa Waafrika kwa mamia. Kikundi kinachoigiza historia hiyo huwakumbuka watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Ni kazi ya heshima, na haifai kuishia mtaroni kabla ya kufika uwanjani.

Tuchukue mfano. Tuseme kikundi cha Handeni kimetengeneza mzinga wake kwa michango ya miezi mingi na kinataka kuuonyesha Korogwe. Barabara ni ya lami, kilomita 65 hivi. Dereva anataja bei nzuri, wanapeana mikono, mzigo unapakiwa. Njiani breki zinakanyagwa ghafla, mzinga unateleza, gurudumu moja linapasuka na mtutu unapinda. Kikundi kinadai fidia. Dereva anajibu: “Nilikubali kubeba, kufunga mzigo ilikuwa kazi yenu.” Nani mkweli? Pasipo maandishi, hakuna awezaye kusema. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tunawashauri mambo matano.

La kwanza, ujueni uzito wa mzigo wenu kabla ya kuulizia bei. Mkitaja uzito kwa kukisia, mtaletewa gari la kukisia. Pale pasipo na mizani, fundi wenu anaweza kukadiria: bamba la chuma la mita moja ya mraba lenye unene wa milimita 3 lina takriban kilo 24, na mita moja ya ujazo ya mbao ngumu iliyokauka huzidi nusu tani. Pimeni pia urefu, upana na kimo, magurudumu yakiwemo. Ikiwezekana, mtutu na kigari chake vifunguliwe na kusafirishwa mbalimbali.

La pili, likagueni gari kabla ya kulipa. Ombeni kuona kadi ya gari, leseni ya dereva na leseni ya usafirishaji itolewayo na LATRA. Mkikodi kupitia dalali, hakikisheni mnamjua mmiliki mwenyewe, maana dalali akishachukua chake huenda msimwone tena.

La tatu, kubalianeni nani atafunga mzigo, na kwa vifaa gani. Magurudumu yawekewe kabari mbele na nyuma. Kamba au minyororo ifungwe kwenye kiunzi cha kigari. Isifungwe kwenye mtutu wala kwenye mikono ya gurudumu. Kanuni itumikayo Ulaya hutaka vifungo viweze kuzuia mbele nguvu ya asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na nusu ya uzito huo kwa pembeni na kwa nyuma. Kwa mzinga wa kilo 500, hiyo ni sawa na kuzuia kilo 400 zisiruke mbele wakati wa breki. Kamba ya katani iliyochakaa haitoshi. Simameni baada ya kilomita chache mkaze upya, kwa kuwa vifungo hulegea. Wala mtu yeyote asipande juu ya mzigo kwa kisingizio cha kuushikilia. Mzigo ukiteleza, mtu hauzuii, humponda.

La nne, msidanganyike na stika ya bima ya gari. Bima ya lazima ya gari, ambayo wengi huiita bima ndogo, huwalinda watu wengine wanaodhurika na gari hilo. Haikulipi wewe mzigo wako unapoharibika. Mzigo huhitaji bima yake, bima ya mizigo safarini, na mwulizeni msafirishaji kama anayo. Kama hana, andikeni bayana nani atabeba hasara. Mkataba wenu utaje majina ya pande zote, namba ya gari, maelezo na uzito wa mzigo, mahali na saa ya kupakia na kushusha, bei, na mambo yaliyomo katika bei hiyo: wapakiaji, kusubiri, safari ya kurudi. Pigeni picha za mzigo pande zote mbele ya dereva. Lipeni sehemu kabla na sehemu baada ya kushusha, na kila malipo yawe na risiti.

La tano, mzinga wa kuigiza usionekane barabarani kama silaha. Wasilianeni mapema na polisi wa wilaya mnakotoka na mnakokwenda, mchukue barua, kisha mfunike mzigo kwa turubai. Baruti ina sheria yake. Isipakiwe kamwe pamoja na mzigo huu, hata kiasi cha kopo moja. Na mtu akichimbua shambani mzinga halisi au ganda la risasi kubwa, asiliguse wala asilikodie gari. Kitu cha vita kinaweza kulipuka hata baada ya miaka 100, na vitu vya kale hulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Toeni taarifa polisi.

Hasara ikitokea licha ya hayo yote, msishushe mzigo kabla ya kupiga picha na kuandika dosari mbele ya dereva. Mpelekeeni msafirishaji malalamiko kwa maandishi, mbaki na nakala. Asipojibu, yapelekeni LATRA kwa yahusuyo huduma ya usafirishaji, au Tume ya Ushindani kwa yahusuyo udanganyifu dhidi ya mtumiaji. Dai la fidia laweza kufikishwa mahakamani. Kote huko mtaulizwa swali moja: mliandikiana nini?

Wenye magari nao tunawaambia kwamba mkataba huwalinda pia ninyi, dhidi ya mteja aliyeficha uzito au aliyeleta mzigo ukiwa tayari na ufa.

Waliovuta mizinga mwaka 1916 hawakuulizwa masharti ya kazi yao. Ninyi leo mnaulizwa. Itumieni haki hiyo kabla lori halijawashwa.