Mazungumzo ya Katibu kuhusu Mraba Wenye Ua na Kile Kifuniko Kilichorudishwa



Haya ndiyo tuliyosema kwenye mkutano wa ushirika Jumapili iliyopita. Mvua iliwafukuza wengi kabla hatujamaliza, kwa hiyo tumeyaandika hapa. Anayejua kusoma asome, na asiyejua amwombe jirani amsomee, tena polepole, maana kuna hesabu ndani yake.

Kwanza tuseme juu ya kazi yenyewe, kwa sababu wapo waliouliza kama ushirika wa wakulima wa pamba na wavuvi una shughuli gani na kroshia. Mraba tunaoufuma darasani ni kazi ya wakulima tangu zamani. Mwaka 1885 gazeti moja la wakulima huko Marekani, jina lake Prairie Farmer, lilichapa mfano wa mraba wa namna hii, ili wake wa wakulima watumie mabaki ya nyuzi badala ya kuyatupa. Wazungu huuita mraba wa bibi. Hapa kwetu misheni na vilabu vya kina mama vilifundisha vitambaa vya meza na vya makochi tangu kabla ya Uhuru, na hadi leo ukiingia nyumba nyingi za Musoma au Bunda utavikuta vimetandazwa, vyeupe, vimetiwa wanga.

Na hapa kwetu pia kusoma na kazi vilikwenda pamoja. Kati ya mwaka 1968 na 1972 Serikali yetu na UNESCO waliendesha mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa inayozunguka Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Vitabu vyake vilihusu pamba, uvuvi, ng'ombe na maarifa ya nyumbani. Mtu alijifunza herufi huku akijifunza kazi. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ikakaa pale Musoma mjini na kutoa Azimio la Musoma, kwamba watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo 1977, na kwamba anayetaka Chuo Kikuu afanye kazi kwanza. Hayo wazee wanayakumbuka. Darasa letu la chini ya mwembe ni mjukuu wa mambo hayo.

Kina baba waliocheka walipotuona sisi na sindano ya kroshia mkononi tunawauliza swali moja tu. Nyavu zinazotengenezwa pale mwaloni zinashonwa na nani? Ni wanaume, na kila mmoja anajua jicho la wavu wake lina inchi ngapi. Basi na huu ni uzi, na una inchi zake.

Sasa jamani, sikilizeni ufumaji wenyewe. Darasani tumekubaliana majina ili kila mtu aandike sawa. Kitanzi kimoja cha mnyororo tunakiita pete. Nguzo ni hivi: piga uzi mara moja juu ya sindano, ingiza, vuta, utapata vitanzi 3, pitisha uzi kwenye viwili, halafu kwenye viwili vilivyobaki. Nguzo ya kati: anza vilevile, ila vile vitanzi 3 uvipitishe vyote mara moja. Nguzo fupi: usipige uzi mwanzoni, ingiza tu, vuta, vitanzi 2, vipitishe pamoja.

Anza na pete 6, zifunge ziwe duara. Mzunguko wa 1: pete 6 nyingine, ambapo 3 ni nguzo ya kwanza na 3 ni dirisha la kwanza. Halafu ndani ya duara nguzo moja, pete 3, nguzo moja, pete 3, mpaka uwe umefanya hivyo mara 7. Funga kwenye pete ya tatu ya mwanzo. Hesabu: nguzo 8, madirisha 8. Yakiwa 7 fumua hapo hapo, usiseme litajificha. Halijifichi.

Mzunguko wa 2 ndio unaotoa ua. Ndani ya kila dirisha weka nguzo fupi 1, ya kati 1, nguzo 3, ya kati 1, fupi 1. Hilo ni jani moja la ua, au petali kama wasemavyo watoto wa shule. Yatakuwa 8.

Mzunguko wa 3 huwashinda wengi kwa sababu unafumwa nyuma ya ua. Liinamishe ua mbele, tafuta nguzo ya mzunguko wa 1, izungushie nguzo fupi moja kutoka nyuma, kisha pete 4, uende nguzo ya pili. Utapata vishikio 8, na ua litabaki limesimama juu kama limewekwa baadaye.

Mzunguko wa 4 badilisha rangi. Kwenye kishikio cha kwanza weka nguzo 3, pete 2, nguzo 3: hiyo ni kona. Kinachofuata weka nguzo 3 tu. Kona, ubavu, kona, ubavu, mpaka uzunguke. Zile pete 3 unazopandia ni nguzo ya kwanza, msisahau kuzihesabu. Mizunguko wa 5 na wa 6 hufuata njia hiyo: kona kwenye kona, na nguzo 3 katika kila nafasi iliyo kati ya fungu na fungu. Mzunguko wa 4 una nguzo 36, wa 5 una 48, wa 6 una 60. Kila mzunguko unaongeza 12. Mtu ambaye hajawahi kujifunza kujumlisha hujifunza hapo bila kuambiwa kwamba anafundishwa hesabu.

Kuna mwanafunzi alituuliza swali zuri sana. Tulikuwa tumechagua rangi za ua la pamba, maana wote tunalijua: likifunguka ni la maziwa, kesho yake limegeuka la waridi. Akasema, ua la pamba lina petali 5, mbona letu lina 8, tunamdanganya nani? Tulinyamaza. Halafu tukalichora kwenye ubao. Mraba una kona 4. Petali 8 ukizigawa kwa 4 unapata 2 kila upande, kona moja na ubavu mmoja. Petali 5 hazigawanyiki kwa 4, ua litakaa upande. Tangu siku hiyo darasa zima linajua kugawanya kwa 4.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuleta. Mnajua kwamba mteja mmoja wa mjini aliagiza kifuniko cha kitanda cha futi 5 kwa 6. Miraba ya inchi 6: inakwenda 10 kwa upana na 12 kwa urefu, jumla 120. Tukagawa kazi kwa vikundi vinne vya vitongoji, kila kikundi miraba 30. Uzi tukaukopa kwenye mfuko wa ushirika. Huo uzi wenyewe tunauita wa sufu, lakini mwingi wa dukani haujapata kumwona kondoo, umetoka kiwandani kwa kemikali za petroli. Pamba tunalima sisi, kiwanda cha nguo cha MUTEX kilijengwa Musoma wazee wakiona, na bado uzi wa kufumia tunaununua uliotoka mbali. Hilo tutalisema siku yake.

Miraba ilipounganishwa, kifuniko kilivimba katikati na pembeni kikakunjamana kama ngozi iliyokaushwa bila vigingi. Mteja alikiangalia, akakikunja, akaturudishia. Hakutukana. Na deni la uzi limebaki kwenye daftari.

Katika mkutano wa mwezi uliopita sisi katibu wenu tulisimama hapa tukasema sababu ni kutojua kusoma. Tukasema wapo waliofuma bila kuweza kusoma maelekezo ya ubaoni, nao ndio waliotuharibia. Hatukutaja jina, lakini kila mtu aligeuka akamtazama mama mmoja wa kitongoji cha ziwani, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba ndiye aliyejiunga na darasa karibuni na bado yuko kwenye irabu. Mama huyo aliondoka kabla ya mkutano kwisha na hajarudi darasani.

Wiki mbili zilizopita tulikifumua kile kifuniko, tukatenganisha miraba yote 120, tukaipima mmoja mmoja kwa rula. Haya ndiyo tuliyoyaona. Miraba 54 ni inchi 6 kamili. Miraba 38 ni inchi 5 na nusu. Miraba 28 ni inchi 6 na nusu. Nusu inchi ni unene wa kidole, mtu anaweza kuidharau. Lakini mstari wa miraba 10 iliyopungua nusu inchi umepungua inchi 5, na mstari wa miraba 12 iliyozidi nusu inchi umezidi inchi 6. Ukiishona pamoja mmoja unavuta na mwingine unasukuma.

Miraba yote 12 aliyofuma yule mama ilikuwa katika zile 54. Hata mmoja haukupungua. Tulimfuata nyumbani kumuuliza. Akatutolea kikopo chenye punje za mahindi. Alikuwa akitoa punje moja kwa kila nguzo, na mzunguko hauishi mpaka punje zimekwisha kikopo kimoja kwenda kingine. Na alikuwa na kijiti alichokikata siku ya kwanza kwa urefu wa mfano tuliompa, akawa anaupimia kila mraba.

Waliokosea ni wale waliosoma ubao na kuamini macho yao. Nyumbani kwetu sisi wenyewe imetoka miraba 9 ya inchi 5 na nusu. Tulipochunguza tukakuta sindano hazikuwa sawa. Wengine walitumia ya dukani namba 4, yaani unene wa milimita 4. Wengine walitumia zile zilizochongwa kwa spoku ya baiskeli, ambazo ni nyembamba zaidi. Spoku ni nzuri kwa uzi mwembamba wa vitambaa vya makochi, lakini kwa uzi huu inabana. Na wapo wenye sindano sahihi ambao mikono yao ni milegevu. Ubaoni tuliandika idadi ya nguzo tu. Hatukuandika namba ya sindano wala hatukutoa kipimo. Kosa hilo ni letu sisi tulioandika ubao. Jumapili tulimwomba radhi yule mama mbele ya mkutano, na tunamwomba tena hapa kwa maandishi, kwa sababu tulimsema hadharani.

Kifuniko kitatengenezwa upya. Miraba 54 inabaki. Ile 38 midogo itazungushiwa nguzo fupi mzunguko mmoja, ambao unaongeza karibu robo inchi kila upande, na tumejaribu kwa 5 zikafika inchi 6. Ile 28 mikubwa itafumuliwa yote. Uzuri wa kroshia ni huo, uzi unarudi mkononi. Loweka, kausha, kunja donge, anza tena.

Jambo la bei nalo tulilijadili kwa kelele nyingi. Tulifumua mraba mmoja tukaupima kwa mikono, ukatoa uzi wa pima 14. Mara 120 ni pima 1,680, bado wa kuunganishia. Haya, na muda je? Tuseme mraba mmoja unakula saa 2. Miraba 120 ni saa 240. Tuseme kifuniko kinauzwa shilingi 90,000 na uzi umekula 50,000. Zinabaki 40,000. Gawanya kwa 240: karibu shilingi 167 kwa saa. Mama mmoja akasema kwa pesa hiyo afadhali akaanike dagaa. Hatukuweza kumbishia. Kamati imekubali kwamba hakuna oda itakayopokelewa tena kabla hesabu hii haijaandikwa ubaoni na wafumaji kuikubali, na malipo yatakuwa kwa mraba, si kwa kifuniko kizima, ili kila mtu aone jasho lake kwenye daftari. Mraba usiofika inchi 6 haulipwi mpaka urekebishwe, awe ameufuma nani.

Darasa litaendelea Jumanne na Alhamisi saa 10 alasiri. Sindano namba 4 ziko 9 kwa mtunza ghala, anayechukua atie sahihi au dole gumba. Spoku zibaki nyumbani kwa kazi hii. Tumekata vijiti 20 vya inchi 6 kwa mfano wa kile cha yule mama, kila mfumaji achukue kimoja. Rula ya mbao itakaa hapa pembeni ya ubao, imefungwa kwa kamba. Tafadhali kamba isikatwe.